Saa Moja ya Tanga, Dakika Moja ya Mzee

Kuna mzee amesimama karibu na mnara wa taa. Ukimsogelea anaanza kuzungumza, lakini anazungumza polepole mno. Neno linajitokeza kidogo kidogo kwenye skrini, linatulia, kisha linaendelea. Wewe huku una sekunde sitini tu za kuishi, na nyingine umeshazitumia njiani kumfikia. Mara ya kwanza nilimwacha katikati ya sentensi nikakimbia zangu. Mara ya pili vilevile. Nilikuwa na mambo ya kufanya, bwana. Nilikuwa na upanga mkononi na saa inahesabu kurudi nyuma.

Mzee huyo si mtu wa kweli. Yumo ndani ya gemu inayoitwa Minit. Niliicheza nikiwa nyumbani Tanga kwa likizo fupi, miaka kadhaa baada ya kutoka, kwenye kompyuta ya mpakato, usiku, feni ikizunguka juu ya kichwa. Na kwa kweli nisingeiandikia makala kama asingekuwa yeye. Alinikumbusha mzee mwingine, wa kweli huyo, ambaye naye nilimwacha katikati ya sentensi. Basi haya ni maelezo ya wazee wawili, na ya saa moja ambayo mji wetu uliwahi kupewa mwaka 1914.

Tuanze na gemu yenyewe, kwa wale ambao hawajaigusa. Minit ilitoka tarehe 3 Aprili 2018. Waliyoiunda ni watu wanne tu: Jan Willem Nijman, Kitty Calis, Jukio Kallio aliyetunga muziki, na Dominik Johann. Iliwafikia wachezaji kupitia kampuni ya Devolver Digital ya Marekani, inayojulikana kwa kubeba kazi za watengenezaji wadogo. Picha zake ni nyeusi na nyeupe tupu, hakuna hata kijivu, kama gazeti la zamani. Kiumbe mmoja mdogo anatoka nyumbani kwake, anashuka ufukweni, anaokota upanga. Upanga huo umelaaniwa. Tangu hapo kila maisha yake yana sekunde 60. Zikiisha anaanguka na kufa popote alipo, kisha anaamka nyumbani na kuanza upya.

Vitu muhimu alivyopata anabaki navyo. Akipata kopo la kumwagilia maji, maisha yanayofuata analo. Akipata tochi, anayo. Akinywa kahawa, anapata nguvu za kusukuma masanduku yaliyoziba njia. Lakini kinachobaki zaidi ya vitu ni kile ambacho wewe mchezaji umekijua. Maisha kumi ya mwanzo unayapoteza ukigonga miti na kupotea. Baadaye unajua kwamba kulia kuna daraja, kushoto kuna nyoka, na mlango ule usihangaike nao kwanza. Sekunde zilezile sitini zinaanza kutosha. Ukiimaliza, gemu inakuruhusu kuirudia kwa masharti magumu zaidi, sekunde 40 kwa kila maisha. Na cha ajabu, zinatosha. Saa imepungua, lakini wewe si mgeni tena.

Kwa mtoto aliyekulia Ngamiani, gemu yenye saa kali si jambo geni. Sisi tulilelewa na saa ya kibanda. Wanaoijua Ngamiani wanajua barabara zake za namba. Katika mojawapo kulikuwa na chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, pazia mlangoni, televisheni mbili, pleisteisheni mbili, na benchi la wanaosubiri. Unatoa sarafu yako ya mia, mwenye kibanda anaangalia saa ya ukutani, anaandika kwenye daftari. Dakika zako zikiisha hakuna mjadala. Hata kama umebakiza goli moja kusawazisha, mkono unakuja kutoka nyuma na kuchukua pedi. Tulikuwa tunacheza mpira tu, na ngumi. Gemu za hadithi zilikuwapo kwenye lile rundo la sidii, lakini hakuna aliyezigusa. Nani atoe mia yake asome maneno?

Nilipokuja kusoma historia ya gemu nilikuta kwamba kibanda chetu hakikuwa na ushamba wowote. Ndivyo biashara yote ilivyoanza. Mashine za gemu za kutumbukiza sarafu, zilizojaa kwenye kumbi za Marekani na Japani miaka ya 1970 na 1980, ziliundwa ili mchezaji ashindwe baada ya dakika chache na kutumbukiza sarafu nyingine. Ukomo wa muda haukuwa sanaa, ulikuwa kodi ya pango. Gemu ikiwa ndefu mno, mwenye ukumbi anapata hasara.

Mambo yalibadilika kompyuta zilipoingia majumbani, maana pale mtu ameshanunua gemu na hakuna wa kumnyang'anya pedi. Hapo saa ikaanza kutumika kwa kazi nyingine. Mfano ninaoupenda ni Prince of Persia ya mwaka 1989, kazi ya kijana wa Kimarekani Jordan Mechner, aliyeiunda karibu peke yake kwenye kompyuta ya Apple II, akitumia picha za video za mdogo wake akikimbia na kuruka ili mwendo wa mhusika uonekane wa binadamu. Niliikuta miaka mingi baadaye kwenye kompyuta kuukuu ofisini kwa mjomba. Una dakika 60 kutoka shimoni hadi juu ya kasri kumwokoa binti wa mfalme. Ukifa, unarudi mwanzo wa hatua uliyokuwa. Lakini saa hairudi. Inaendelea pale ilipofika. Kila kosa unalilipa kwa dakika ambazo hutaziona tena.

Kwa hiyo tuna saa za aina mbili. Ya Prince of Persia ni saa inayokwenda moja kwa moja, imekwenda imekwenda. Ya Minit inarudi kila ukifa. Mwaka mmoja baada ya Minit ikatoka Outer Wilds, iliyoanza kama kazi ya shahada ya uzamili ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California. Humo jua linalipuka kila baada ya dakika 22, na unaamka tena na mikono mitupu. Kinachobaki ni ulichokijua tu. Ukiziweka pamoja, zote zinamuuliza mchezaji jambo moja: muda huu uliopewa, unapajua mahali ulipo? Kasi inakuja baadaye.

Sasa turudi Tanga, maana Tanga iliwahi kupewa saa ya aina ile ya kwanza.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, iliingia kwenye ghuba ya Tanga. Vita Kuu ilikuwa na miezi mitatu. Nyuma yake, mbali na macho ya mji, kulikuwa na msafara wa meli zilizobeba jeshi kutoka India, kiasi cha watu 8,000, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Walikuwa wameng'oa nanga Bombay tarehe 16 Oktoba. Mpango ulikuwa kuiteka Tanga, na pamoja nayo reli ya Usambara, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutokea hapo Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911.

Nahodha wa Fox, Caulfeild, hakupiga mzinga. Kulikuwa na jambo la mapatano. Mwezi Agosti wanamaji wa Kiingereza walikubaliana na wakuu wa Kijerumani wa miji ya pwani kwamba bandari zisishambuliwe, lakini serikali ya Uingereza ikayakataa makubaliano hayo. Caulfeild akaona ni lazima awaambie watu wa Tanga kwamba mapatano yamekufa kabla hajafanya lolote. Akamwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akampa saa moja: usalimishe mji, au tutaupiga.

Kwa Kiswahili saa moja ina maana mbili. Ni muda wa dakika sitini, na ni saa ile ya kwanza baada ya kucha, wakati mji unapofungua milango na muuza vitumbua ameshamaliza nusu ya beseni. Katika saa moja hiyo Auracher alifanya kile ambacho mchezaji yeyote mzoefu angefanya. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema lazima awasiliane na wakubwa wake. Akarudi nchi kavu, habari zikapita kwenye waya wa simu kwenda Moshi alikokuwa kamanda wa jeshi la Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, na yeye mwenyewe akaenda kuvaa sare ya kijeshi. Saa ikaisha. Fox haikupiga. Ikaondoka kwenda kuzileta meli za askari, na muda mwingine ukapotea katika kutafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwapo.

Huku nyuma treni zilikuwa zinashuka kutoka Moshi. Reli ile ile waliyokuja kuiteka ndiyo iliyokuwa ikiwashinda, behewa baada ya behewa. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Waingereza walianza kuteremsha watu Raskazone. Asubuhi ya tarehe 3 wakajaribu kuusogelea mji, wakarudishwa na kikosi kidogo kilichokuwapo. Usiku wa siku hiyo Lettow-Vorbeck alifika. Alichofanya ni kuchukua baiskeli. Alizunguka kwenye mji uliokimbiwa na watu, akaenda hadi upande wa Raskazone kuangalia kwa macho yake. Mtu wa Tanga akisoma hapo lazima atabasamu, maana huu ni mji wa baiskeli mpaka kesho. Lakini lilikuwa jambo zito. Aitken, kwa upande wake, hakutuma watu kupeleleza. Aliamini kazi ni ndogo.

Tarehe 4 mchana ndipo mapambano makubwa yalipofanyika. Upande mmoja watu wapatao 8,000 waliokaa wiki kadhaa melini, wengine wakiwa na bunduki walizopewa karibuni tu. Upande wa pili watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Baadhi ya washambuliaji walifika mpaka ndani ya mji, lakini kwenye mashamba na vichaka safu zao zilikatika. Na risasi zikapasua mizinga ya nyuki iliyokuwa imetundikwa mitini. Hapo lugha yetu imewatangulia wanahistoria: mzinga ni wa vita, na mzinga ni wa nyuki. Nyuki wakawavamia watu wa pande zote mbili, lakini walioumia zaidi ni waliokuwa wakisonga mbele. Ndiyo maana Waingereza mpaka leo wana jina jingine la vita hivi, Vita vya Nyuki. Baadhi yao waliamini kabisa kwamba Mjerumani aliwatega wale nyuki kwa makusudi.

Tarehe 5 walipanda meli zao. Waliacha nyuma bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi kama 600,000. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wao walipita 800. Watu wana msemo wao kuhusu Tanga, waja leo waondoka leo. Hawa walikaa siku nne.

Ukiisoma hadithi hii kama mchezaji wa gemu, unaona mara moja nani aliyeshindwa na saa. Aliyetoa muda ndiye aliyeupoteza. Aliyepewa muda alikuwa nyumbani, anajua treni inachukua saa ngapi, anajua waya unapita wapi, na pale asipojua anachukua baiskeli. Waingereza walikuwa katika yale maisha kumi ya mwanzo, wanagonga miti. Tofauti ni kwamba waliokufa Tanga hawakuamka nyumbani.

Mpaka hapa nimesimulia kama vitabu vinavyosimulia, na ni hadithi tamu, ninakiri. Lakini hebu angalia majina. Caulfeild, Auracher, Aitken, Lettow-Vorbeck. Kila mwenye jina katika hadithi hii ana saa mfukoni na karani wa kumwandikia. Askari walioteremka kwenye zile treni, ambao ndio walikuwa jeshi lenyewe, ni tarakimu. Vijana wa Kihindi waliolala Raskazone ni tarakimu. Watu wa mji, waliofunga milango na kukimbilia mashambani na watoto mgongoni, si hata tarakimu. Na baada ya Tanga vita viliendelea miaka minne mingine, na vilibebwa kichwani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi kwa njaa na maradhi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, tunalitaja kila siku bila kufikiri tunapoagiza vitenge au vipuri Kariakoo.

Hapo ndipo anapoingia mzee wangu wa pili.

Mwaka 2014 vita vya Tanga vilitimiza miaka mia. Nilikuwa mwandishi mchanga wa redio, nina shahada mpya na kinasa sauti cha kuazima. Nilitumwa kutafuta kipande cha dakika tatu, kwa ajili ya kumbukumbu. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Tongoni, kusini ya mji, njia ya Pangani, kule kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Niliambiwa baba yake alibeba mizigo katika vita ya Mjerumani.

Nilimkuta barazani anasokota kamba ya mnazi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wa nyumba gani wewe?"

Mtu wa pwani anajua swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Nilimtaja babu yangu. Akamtafuta kichwani, akampata, akanieleza alikuwa mtu wa namna gani, alioa wapi, na kwa nini ndoa ya kwanza haikudumu. Kutoka hapo akaja kwa babu zake yeye. Nani alichimba kisima kile. Nani amezikwa wapi. Nilikuwa nimeshawasha kinasa sauti na ninaangalia namba zikipanda. Gari la kurudi mjini lilikuwa linaondoka. Mhariri alikuwa anasubiri.

"Babu," nikamwambia, "tuje kwenye vita."

"Nakuja, nakuja. Huwezi kufika Tanga kabla hujatoka Tongoni."

Akaendelea. Nikavumilia kidogo, kisha nikasema maneno ambayo kwenye kazi yetu tunayasema mara ishirini kwa siku.

"Mzee, kwa ufupi tu."

Akanyamaza. Akakiangalia kile kinasa sauti.

"Hicho kidude chako kinataka maneno mangapi?"

"Ni dakika tatu tu kipindi chote, babu."

Akacheka, wala hakukasirika. "Basi andika hivi. Alikwenda, akarudi."

Ndivyo nilivyotangaza. Sauti ya mzee ikisema alikwenda, akarudi, kisha mimi nikaeleza Fox, Caulfeild, nyuki na risasi 600,000. Mhariri alikipenda kipande. Kilikuwa kikavu, kimekaa ndani ya muda. Nilimwahidi mzee kwamba nitarudi siku nyingine tukae vizuri. Niliporudi ulikuwa umepita mwaka na zaidi, na nilionyeshwa kaburi. Binti yake aliniambia alikuwa akiniulizia, yule mtoto wa redio hajaja? Mpaka leo sijui baba yake alibebea upande gani, Mwingereza au Mjerumani, au wote wawili kwa zamu kama ilivyowapata wengi.

Nimejitetea sana kuhusu jambo hili. Ndiyo kazi, nilijiambia, kipindi kina muda wake. Lakini ninapofikiria namna watu wa pwani hii walivyoandika vita vyao wenyewe, utetezi unaniishia. Wajerumani walipoivamia Mrima mwaka 1888, na Bushiri bin Salim akasimama Pangani mpaka alipokamatwa na kunyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889, aliyeviandika vita hivyo ni Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa pwani hii hii ya Tanga. Aliviandika kwa utenzi, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, ubeti baada ya ubeti. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, nje kidogo ya Tanga. Fox ilipoingia ghubani alikuwa mtoto wa miaka mitano. Alipokuja kuandika juu ya vita, ile ya pili ya dunia, aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti kiasi cha 3,000. Utenzi una dua mwanzoni, una kumtaja mtunzi, una kuomba radhi, na ndipo unapoingia njiani. Hakuna anayeusimamisha utenzi kwenye dua akauambia, kwa ufupi tu.

Simaanishi kwamba saa ni adui. Ningesema hivyo ningekuwa mnafiki, maana hata makala hii nimeiandika kwa sababu nilipewa siku ya mwisho. Na Minit isingekuwa chochote bila sekunde zake sitini, ingekuwa matembezi tu. Ninachosema ni kwamba saa inachagua nani asikike. Inampenda anayesema haraka, mwenye jibu tayari. Kibanda cha Ngamiani kilizika gemu za hadithi bila mtu yeyote kuamua. Dakika zangu tatu za redio zilimzika mzee wa Tongoni, na kila neno nililotangaza lilikuwa kweli.

Waliounda Minit nadhani walilijua hilo, ndiyo maana wakamweka yule mzee wa mnara. Katika gemu ambayo kila kitu kinakusukuma ukimbie, wameweka mtu mmoja ambaye hawezi kuharakishwa. Hakuna kitufe cha kumkatisha. Ukitaka anachokijua, lazima ukubali kutofanya kitu kingine chochote katika maisha hayo.

Usiku ule, mara ya tatu, nilimwendea moja kwa moja. Sikukata nyasi njiani, sikupiga kaa. Nikasimama mbele yake, nikaondoa mikono kwenye kibodi. Maneno yakaja. Saa nayo ikashuka, thelathini, ishirini, kumi. Alimaliza muda mfupi kabla sijafa. Alichosema kilikuwa kidogo tu, dokezo la mahali pa kutafuta. Nikaamka nyumbani, sekunde sitini mpya.

Nilifunga kompyuta nikaenda kutafuta faili la mwaka 2014. Lipo, nililihamisha kutoka diski hadi diski bila kulifungua. Ni dakika kumi na moja na sekunde kadhaa. Nilikuwa naikumbuka kama dakika kumi za salamu na nasaba, na moja ya maana. Nikasikiliza yote, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Dakika ya sita, kabla hata sijataja neno vita, anamzungumzia mama yake. Anasema alikuwa mwanamke mwenye shingo imara, kwa sababu mzigo wote wa nyumba ile aliubeba yeye. Kuni, maji, mavuno. Watu walimcheka baba. Kwa maana baba, anasema mzee, tangu arudi hakuwahi tena kuweka kitu kichwani. Hata kofia. Kwenda msikitini alikuwa akifunga kitambaa chepesi, na akitoka tu anakivua.

Halafu anapumua, na inasikika kwamba anataka kuendelea. Na inasikika sauti ya kijana, karibu sana na kinasa sauti, ikisema, "Babu, tuje kwenye vita."